Bi Kiwango na Mashine Aliyokataa Kumrithisha Mtu

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi alasiri, Bi Kiwango atakabidhi funguo za chumba namba tisa, ghorofa ya chini, baada ya kulitumikia Shirika letu la maji kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Kisheria alitakiwa kuondoka miezi minne iliyopita. Ofisi ya Utumishi ilimwandikia barua pepe kumjulisha hivyo, lakini iliituma kwa anwani ambayo yeye mwenyewe aliifuta miaka saba kabla, kwa hiyo haikumfikia. Kosa lilipogunduliwa hakulalamika. Alisema ile miezi minne alikuwa anaihitaji.

Jina lake halisi litasomwa siku ya kukabidhiwa cheti, na baadhi yetu tutalisikia kwa mara ya kwanza. Jina la Bi Kiwango alipewa mwaka wake wa tisa kazini, kwa sababu kila aliyeingia chumba namba tisa na shida ya mtandao aliulizwa swali moja kabla hajakaribishwa kiti: kiwango kinasemaje? Wengi hawakujua kiwango kinasemaje. Wengi walikuwa wamekuja kwa sababu printa haina karatasi.

Aliajiriwa kama fundi wa simu. Wakati huo Shirika lilikuwa na kompyuta moja, katika ofisi ya mkuu wa takwimu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kuruhusiwa kuiwasha kulikuwa sawa na kupandishwa cheo. Miaka sita baadaye kila idara ilitaka ya kwake. Kila idara ikapata msaada wake, mshauri wake na mtandao wake, na kila mshauri aliondoka akiwa ameacha namna yake ya kuandika anwani za barua pepe, kama anavyoacha mtu kikombe kichafu mezani.

Utumishi waliandika jina la ukoo, mstari wa mshazari, kisha namba ya faili. Bohari walitumia herufi kubwa tupu, zisizozidi nane, hivyo watumishi watatu ambao majina yao yalianza kwa kufanana waligawana kikasha kimoja kwa miaka minne, na mmoja wao aliletewa habari za uhamisho wake na mwenzake aliyeguswa sana na habari hizo. Maabara, kama wanasayansi, waliandika njia nzima ambayo barua itapita, mashine kwa mashine, mpaka kwa mlengwa. Mashine moja ikihamishwa meza, anwani zote zilikuwa batili. Idara ya Mitambo, iliyo kwenye chanzo cha maji kilomita kumi na moja kutoka makao makuu, haikujisumbua na majina kabisa. Anwani zake zilikuwa namba za pampu, moja hadi arobaini na sita.

Hivyo Shirika lililojivunia kuunganisha kaya laki mbili kwa bomba moja likawa haliwezi kuunganisha ghorofa mbili kwa waya uliokuwapo tayari. Mkuu wa Bohari alipotaka kumwandikia mkuu wa Utumishi, alimwita tarishi. Tarishi wetu, ambaye naye amestaafu, hakuwahi kupoteza barua hata moja, na inafaa kusema wazi kwamba kwa takriban muongo mzima miguu yake ndiyo iliyokuwa mtandao wa Shirika uliofanya kazi vizuri kuliko yote.

Mwaka huo wa tisa Bi Kiwango alikwenda kozi ya wiki tatu, akarudi na ukurasa mmoja. Ukurasa ulisema kwamba ulimwengu ulikuwa umeshakubaliana muda mrefu: anwani ina mkazi, kisha alama ya @, kisha mahali anapokaa. Kila mtandao ujue mahali pake, upokee ya wakazi wake, na barua usiyoitambua uirudishe kwa mwenyewe pamoja na maelezo. Basi. Alitoa nakala na kuipeleka kila idara. Ilituchukua miaka ishirini na mitatu kuumaliza ukurasa huo.

Huku akisubiri usomwe, alijenga Mkalimani. Ilikuwa kompyuta chini ya meza yake, kazi yake ikiwa kupokea barua kutoka kila idara, kuibadilisha anwani iwe kwa namna ya idara inayopelekewa, na kuisukuma mbele. Orodha za tafsiri aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, kila mtumishi mstari wake, na kila aliyehama ofisi alimfuta na kumwandika upya. Hati ya kuidhinisha mashine hiyo, ambayo bado ipo, inasema ni ya muda wa miezi sita.

Mkalimani alifanya kazi vizuri mno. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Barua zilipoanza kufika, hakuna idara iliyoona sababu ya kubadilika, na Bi Kiwango alikuwa amejitengenezea kazi ya maisha: kutwa nzima akitetea kiwango, na kutwa hiyohiyo akiilisha mashine iliyofanya kiwango kisihitajike. Hakuna mtu mwingine aliyeelewa zile orodha. Akiumwa jino, Shirika zima lilimuuliza hali.

Mwaka wa kumi na tatu iliundwa Kamati ya Kuoanisha Anwani. Kuhusu Kamati hii nitakuwa mfupi kuliko ilivyokuwa yenyewe. Ilikutana kila robo mwaka. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu, kamati ndogo na kamati ndogo ya kufuatilia kamati ndogo. Azimio lake la kwanza, lililopendekezwa na Bi Kiwango mwenyewe na kupitishwa bila kupingwa, lilikuwa kwamba barua zote za Kamati, mialiko ikiwemo, zitatumwa kwa anwani za kiwango tu, bila kupitia kwa Mkalimani, ili Kamati iwe mfano kwa wengine. Lishike hilo azimio, tutalirudia.

Kwa kasi ya utomvu, idara zilianza kufuata. Maabara walikubali mwaka wa kumi na sita, baada ya kuhamisha meza zote kwa wakati mmoja. Bohari walikubali mwaka wa kumi na tisa. Utumishi walikubali mwaka wa ishirini na moja, ila walibakiza mstari wa mshazari kwa miaka mingine miwili kwa sababu za kihisia. Ikabaki Mitambo. Kila kikao, katibu aliandika sentensi ileile katika kumbukumbu: Idara ya Mitambo haikuhudhuria na haikutoa udhuru.

Mkuu wa Mitambo anaitwa Mzee Namba, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Yeye na Bi Kiwango walikuwa hawasemeshani tangu ule mwaka wa tisa. Bi Kiwango alimpelekea nakala ya ukurasa, pamoja na maelekezo kwamba kila mtumishi wa Mitambo apewe anwani ya majina yake mawili. Jibu la Mzee Namba lilikuwa na maneno manne: Pampu hazina majina mawili. Bi Kiwango alilisoma kama dharau. Wakanuniana kwa miaka ishirini na miwili, kwa heshima zote, na kila ujumbe uliotoka makao makuu kwenda kwenye pampu ukaendelea kupita chini ya meza ya chumba namba tisa.

Miaka tisa iliyopita, siku ya Jumatano, saa mbili na robo asubuhi, Maabara waliona kwamba dawa ya kuulia vijidudu imeshuka katika tangi la mashariki. Walituma onyo kwa pampu namba kumi na nne, inayolijaza tangi hilo, isimamishwe mara moja. Onyo lilifika kwa Mkalimani na halikwenda mbele, kwa sababu Mkalimani alikuwa amezimika. Katibu wa Kamati alikuwa amechomoa waya wake kwenye soketi ili achomeke birika la chai ya wajumbe. Kamati ilikuwa inakutana chumba cha jirani, na Bi Kiwango alikuwa mmoja wa wajumbe. Ajenda ya kwanza siku hiyo ilikuwa hatari za kuendelea kumtegemea Mkalimani. Wajumbe waliijadili kwa kina, wakanywa chai, wakaahirisha.

Waya ulirudishwa saa nane mchana. Katika yale masaa, tangi la mashariki liliendelea kujazwa na watu waliendelea kunywa. Hakufa mtu. Watu mia mbili na kumi na wanne walikwenda zahanati wakiwa na matumbo ya kuendesha, na wa mia mbili na kumi na tano alilazwa siku tatu na kutundikiwa maji ya mshipa. Huyo alikuwa mama mkwe wa Bi Kiwango.

Mama mkwe huyu ni mwanamke wa maneno machache yaliyonolewa vizuri. Wodini, mbele ya wagonjwa wengine sita, alimwambia mkwewe: "Nimemlea mwanangu miaka thelathini sijawahi kuumwa tumbo. Kaoa Shirika la Maji, haya, nimelala hapa natiwa maji kwa sindano, maana ya bomba yamenishinda." Bi Kiwango hakujitetea. Ripoti ya uchunguzi ilisema chanzo ni hitilafu ya umeme. Yeye aliomba neno hilo lifutwe na liandikwe birika. Halikufutwa. Kwa miezi mitatu, kila alipotoka kazini, alipitia kwa mama mkwe na chupa mbili za maji aliyoyachemsha mwenyewe. Mama mkwe aliyapokea, akayachemsha tena mbele yake.

Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alitoa mchango wake. Alishona mfuko mdogo wa kitambaa kizito wa kuvisha ile soketi, akautarizi kwa uzi mwekundu: USICHOMOE. Kwa maoni ya wengi wetu, hicho ndicho kiwango pekee kilichowahi kufuatwa na idara zote siku ileile kilipotangazwa.

Lakini Bi Kiwango aliona kisichotibika kwa kitambaa. Mashine ilikuwa moja, aliyeielewa alikuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa na tarehe ya kustaafu. Wiki hiyo alifungua jalada la makabidhiano ya ofisi yake, miaka tisa kabla ya wakati, akaandika mstari mmoja: Mashine hii hairithiwi. Ama angemzima Mkalimani kabla ya siku yake ya mwisho, na maonyo ya Maabara yaende moja kwa moja kwenye pampu, ama angeondoka akiacha matumbo ya mji mzima chini ya meza, mikononi mwa mtu asiyejua kusoma orodha zake. Walioletwa kujifunza kazi aliwafundisha kila kitu isipokuwa hizo orodha. Tulidhani ni uchoyo.

Miezi kumi na minne iliyopita, akiwa amebakiwa na mwaka mmoja kasoro miezi miwili kwa hesabu ya Utumishi, alichukua jalada lenye kumbukumbu zote za Kamati, akaomba gari la ofisi, akaenda Mitambo. Hakuwa amefika huko tangu ule ugomvi. Alimkuta Mzee Namba akinawa grisi mikononi, kwenye karo nje ya nyumba ya pampu, ambako mtu husema kwa sauti kubwa hata akiwa hana hasira. Yaliyosemwa nimeyapata kwa wote wawili na yanalingana, jambo ambalo kwao si la kawaida.

"Mara sabini na moja, mzee wangu," alisema Bi Kiwango.

"Mara sabini na moja nini, dada?"

"Umegoma kuja kikaoni."

Mzee Namba alifunga bomba. "Kikao gani?"

Alipewa jalada. Alivaa miwani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasoma kwa dakika arobaini. Alipomaliza alisema, "Humu nimetukanwa kwa adabu sana."

Mialiko yote sabini na moja ilitumwa kwa anwani ya kiwango, kama Azimio la Kwanza lilivyoagiza. Mtandao wa Mitambo, ambao haukukijua kiwango, haukuweza kuitambua mialiko hiyo hata kwa kiasi cha kuirudisha. Uliitupa kimya kimya. Idara nyingine zisizofuata kiwango zilisikia habari za vikao kwenye ngazi za jengo, lakini ngazi zetu hazifiki kilomita kumi na moja. Kwa miaka karibu kumi na minane Kamati ilimshutumu mtu kwa kutokuja mahali ambapo hakualikwa, na iliyozuia mwaliko wake usifike ilikuwa kanuni ya Kamati yenyewe.

Bi Kiwango akamuuliza kwa nini basi aling'ang'ania namba. Mzee Namba alisema hajawahi kuulizwa. "Mtu wa pampu kumi na nne leo yupo, kesho kahamishwa, keshokutwa kastaafu kama wewe. Pampu iko palepale. Ukimwandikia mtu, onyo linaondoka naye."

Ukurasa ulikuwa mkobani. Aliutoa akausoma upya, pale pale, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kuunukuu. Ukurasa haukusema popote kwamba upande wa kushoto wa alama kuwe na majina mawili ya mtu. Ulisema mwenye mahali ndiye anayejua wakazi wake. Pampu namba kumi na nne, ikiandikwa mbele ya alama na kufuatiwa na mahali ilipo, ilikuwa anwani halali tangu siku ya kwanza. Sharti la majina mawili aliliongeza Bi Kiwango mwenyewe, kwa bidii ya mtu aliyetoka kozi jana.

Habari hii mhariri wa jarida letu hakuletewa na mahasimu wa Bi Kiwango. Ameiandika yeye kwa kalamu, karatasi moja, na chini yake ametia neno: Liandikwe. Limeandikwa.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi, yaani ilichukua miezi kumi na minne tu. Nyaya zilipitishwa upya. Mafundi wa Mitambo walibadilisha mashine mojamoja ili pampu zisisimame. Kikwazo kikubwa kilitoka Utumishi, waliosema anwani ya Shirika hupewa mtumishi, na mtumishi ni yule mwenye faili. Hoja hiyo ilikula miezi mitano, na ikamalizwa kwa njia ya kistaarabu: pampu zote arobaini na sita zilifunguliwa faili. Pampu namba kumi na nne sasa ina tarehe ya kuzaliwa, namba ya ajira na likizo ya siku ishirini na nane ambayo haijawahi kuiomba. Kwa utendaji, Mzee Namba ameijaza "unaridhisha".

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, Maabara walituma ujumbe wa majaribio kwa pampu zote bila kupitia chumba namba tisa. Majibu arobaini na sita yalirudi kabla Bi Kiwango hajamaliza kufuta miwani. Alipiga magoti, akauvua ule mfuko wa kitambaa, akachomoa waya. Kisha akakaa mbele ya simu akisubiri lawama. Simu haikulia. Ilipofika saa kumi alifika mtu mmoja tu, katibu wa Kamati, kuuliza kama Mkalimani ana tatizo, kwa sababu barua zilikuwa zinafika upesi kuliko kawaida.

Alhamisi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Maabara waliona tena dawa imeshuka katika tangi la mashariki. Safari hii hayakuwa majaribio. Onyo lilikwenda moja kwa moja. Dakika tatu baadaye pampu namba kumi na nne ilikuwa imesimama na tangi limefungwa. Zahanati ya upande ule haikupokea mgonjwa wa tumbo hata mmoja siku hiyo. Chumba namba tisa, hata hivyo, kilipokea simu moja, kutoka kwa mama mkwe.

"Leo hata hayo mabaya hamna," alisema. "Nakinga bomba nasikia upepo."

Bi Kiwango alimwambia avumilie hadi adhuhuri. Walio karibu wanasema alipoweka simu chini alikuwa anatabasamu, na alimwomba mwenzake atazame saa, aandike tarehe. Ndani ya miaka thelathini na miwili hajapata sifa nyingi kutoka upande huo wa familia, na hii aliitambua mara moja.

Kwa yote hayo, Shirika linamshukuru: kwa kuutetea ukurasa mmoja katika jengo linalopenda majalada, kwa kukiri kosa lake ambalo hakuna aliyekuwa karibu kuligundua, na kwa kuzima mashine ambayo ingemfanya atafutwe nyumbani hadi uzeeni. Chumba namba tisa anakiacha bila kitu chini ya meza. Mfuko wa soketi ameuchukua. Mama mkwe ameuomba kwa ajili ya friji yake.

Hafla itafanyika siku hiyohiyo ya Ijumaa, ukumbi wa mikutano, saa nane mchana. Mwaliko umetumwa kwa idara zote kwa anwani za kiwango. Jibu la kwanza limetoka Mitambo, limetumwa na pampu namba moja: "Tutahudhuria. Udhuru wa vikao vilivyopita unafahamika." Katibu ameelekezwa aliweke katika kumbukumbu kama lilivyo.

Kuanzia saa kumi jioni hiyo anwani ya Bi Kiwango itafungwa, na atakayemwandikia atarudishiwa barua yake pamoja na maelezo, kama ukurasa unavyotaka. Kwa hiyo tunayasema hapa mapema. Pumzika vizuri, Bi Kiwango, wewe na fundi cherehani wako na mama mkwe wako. Tunakuombea siku ndefu, tumbo tulivu, na nyumba ambayo kila kinachotumwa kwako kinafika, isipokuwa mialiko ya vikao.